Mtambo wa Moyo na Mapafu, na Masomo ya Wanaouendesha

Watu wengi wakisikia ya kuwa fulani amepasuliwa moyo, huuliza jina la daktari aliyempasua. Ni haki kuuliza hivyo, maana ndiye mwenye kisu. Lakini katika chumba kile kile, hatua mbili tatu kutoka kitandani, yuko mtu mwingine aliyeketi mbele ya mtambo wenye mirija na magurudumu, naye hamgusi mgonjwa hata kidogo. Kwa muda wa saa moja, mbili, au zaidi, mtu huyo na mtambo wake ndio moyo wa mgonjwa, na ndio mapafu yake. Akisinzia, ustadi wote wa daktari haufai kitu. Kazi yake huitwa perfusheni, na mwenyewe huitwa perfushonisti, jina ambalo nadhani si wengi katika shule yetu waliopata kulisikia. Nataka kueleza kazi yenyewe, kisha namna watu hawa wanavyoendelea kusoma baada ya kupata vyeti vyao, hasa kwa njia ya intaneti, kwa kuwa siku hizi sehemu kubwa ya masomo hayo hupitia huko.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini mtambo huo watakiwa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kadiri ya lita 5 za damu kila dakika, na damu yote iliyomo mwilini ni kama lita 5 vilevile. Maana yake, katika dakika moja damu yote huzunguka mwili mzima na kurudi. Ukiusimamisha moyo, ubongo hukosa oksijeni, na baada ya dakika 4 au 5 huanza kuharibika. Sasa daktari anayetaka kuziba tundu ndani ya moyo, au kubadili mlango wake mmoja uliooza, ataka moyo utulie kabisa na uwe mkavu, apate kuona anachoshona. Moyo wataka kusimama, na mwili hautaki usimame. Hapo ndipo wataalamu wa zamani walipokwama.

Mtu aliyeanza kukifungua kitendawili hicho ni John Gibbon, daktari wa Marekani. Mwaka 1931, akiwa kijana katika hospitali moja ya mji wa Boston, aliwekwa kumlinda usiku kucha mama mmoja aliyezibwa na bonge la damu katika mshipa uendao mapafuni. Mama yule alikufa machoni pake. Gibbon aliwaza: kama ningaliweza kuitoa ile damu nyeusi, nikaitia oksijeni nje ya mwili, kisha nikairudisha upande wa pili, mama huyu angalipona. Wazo hilo alilifuata miaka 22. Mkewe, Mary, ndiye aliyekuwa msaidizi wake katika majaribio. Walijaribu kwanza kwa paka, na husimuliwa kwamba Gibbon mwenyewe alikuwa akitoka usiku mitaani na gunia na kipande cha samaki kuwatafuta. Mwaka 1935 waliweza kumweka paka hai kwa mtambo. Tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia, Gibbon aliziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18, na kwa dakika 26 msichana yule aliishi kwa mtambo peke yake. Akapona. Lakini wagonjwa wengine waliofuata mwaka ule ule walikufa, na Gibbon akaacha kuutumia mtambo wake.

Wengine hawakuacha. Mwaka 1954, huko Minneapolis, daktari C. Walton Lillehei alitumia njia ambayo hata leo nikiifikiri naona baridi. Alimlaza mtoto mgonjwa kando ya baba yake au mama yake, akaunganisha mishipa yao kwa mirija, hata moyo na mapafu ya mzazi yakawa yanafanya kazi ya watu wawili. Kwa njia hiyo aliwapasua watoto na wagonjwa wengine 45, na zaidi ya nusu walipona. Wakosoaji walisema kwamba hiyo ndiyo njia ya pekee iwezayo kuua watu wawili kwa mgonjwa mmoja. Hakufa mzazi hata mmoja, lakini mama mmoja aliingiwa na hewa katika mishipa, akaharibika ubongo.

Naomba msomaji ashike neno hilo, hewa, kwa kuwa litarudi. Hata kabla ya Gibbon kufaulu, mwaka 1951, Clarence Dennis huko huko Minnesota alikuwa amejaribu mtambo wake kwa wagonjwa wawili, na wa pili aliuawa na hewa iliyosukumwa ndani ya mishipa yake. Mtambo haujui tofauti ya damu na hewa; husukuma chochote kinachofika mbele yake. Ni mtu anayejua.

Mwaka 1955 John Kirklin, katika Mayo Clinic, aliurekebisha mtambo wa Gibbon akaanza kupasua mfululizo, naye Lillehei na mwenzake Richard DeWall wakatengeneza chombo rahisi cha kuipulizia damu mapovu ya oksijeni. Tangu hapo kazi ilienea duniani.

Mtambo wa leo hufanya kazi hivi. Mrija mnene huingizwa karibu na chumba cha kulia cha moyo, damu ichukuliwe kabla haijafika moyoni, nayo huteremka kwa uzito wake mpaka katika chombo cha plastiki kilicho chini. Hapo pampu huipokea. Pampu ya namna moja ina magurudumu mawili yanayozunguka na kuubana mrija, kama mama anavyokamua utumbo wa mbuzi kwa vidole ili usafike. Namna nyingine huizungusha damu kwa kasi mpaka ijisukume yenyewe. Kisha damu hupita katika kifaa cha kuipoza au kuipasha moto, na katika pafu la bandia. Pafu hilo ni maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani. Oksijeni hupita ndani ya nyuzi na damu hupita nje, wala havichanganyiki. Mapafu yetu yakitandazwa yana zaidi ya mita 50 za mraba, na pafu hili la bandia lina kama mita 2 tu, lakini latosha kwa mtu aliyelala usingizi wa dawa. Mwishoni damu hupita katika chujio, ikarudishwa katika mshipa mkuu wa aota.

Damu ikigusa plastiki huganda. Kwa hiyo kabla ya yote mgonjwa hupewa heparini, dawa ipatikanayo katika matumbo ya nguruwe, nayo huizuia damu isigande kabisa. Kazi ikiisha hupewa protamini, ambayo asili yake ni mbegu za samaki dume aina ya samoni, ili kuivunja nguvu heparini. Nguruwe hufunga na samaki hufungua! Mwendesha mtambo hupima damu mara kwa mara aone inachukua sekunde ngapi kuganda, na hospitali nyingi hazikubali mtambo uanze kabla hazijapita sekunde 400, nyingine 480. Moyo wenyewe husimamishwa kwa maji yenye potasiamu nyingi, na mara nyingi mwili hupozwa kidogo. Katika kazi ngumu sana za mshipa wa aota huweza kupozwa hata kufikia digrii 18, na mzunguko wa damu ukasimamishwa kwa muda.

Sasa mtu aweza kusema: mtu akiisha kujifunza hayo yote, ana haja gani ya kusoma tena? Mirija ni ile ile, na damu ni ile ile. Mimi pia ningalifikiri hivyo, kama si mambo mawili nitakayoyaeleza, na yote mawili ni ya juzi tu.

La kwanza ni hesabu, na wale wa kidato chetu wanaopenda hesabu wachukue kalamu. Kabla ya kumwunga mgonjwa, mirija ya mtambo hujazwa maji ya dawa, kadiri ya lita 1 au 1.5, isiwe na hewa. Maji hayo huchanganyika na damu yake na kuipunguza ukali. Kwa miaka mingi wengi walifundishwa kupeleka lita 2.4 kwa dakika kwa kila mita ya mraba ya mwili, na walitosheka na hilo. Lakini hemoglobini gramu 1 huchukua oksijeni mililita 1.34. Tuseme damu ya mgonjwa imechanganyika na maji hata ikabaki na gramu 80 tu za hemoglobini katika lita. Lita moja basi huchukua mililita 107. Zidisha kwa 2.4, wapata mililita 257 kwa dakika, ukiacha ile kidogo iliyoyeyuka yenyewe katika maji ya damu. Je, zatosha? Mwaka 2005 watafiti wa Italia walionyesha kwamba wagonjwa waliopelekewa chini ya mililita 272 hivi kwa kila mita ya mraba ndio walioumia figo zaidi. Mwaka 2018 yakatolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za nchi mbalimbali: wagonjwa ambao waendeshaji wao waliangalia hesabu hii, wakahakikisha haishuki chini ya 280, figo zao ziliumia kwa uchache kuliko za wale walioendeshwa kwa desturi ya zamani. Dawa yake si ngumu. Ongeza mwendo wa pampu kutoka 2.4 hadi 2.7, na 257 inakuwa 289. Ni kugusa kitufe tu, lakini nani atakigusa kama alimaliza chuo mwaka 1995 na hakufungua kitabu tena?

Jambo la pili lanishangaza zaidi. Kile kifaa cha kupoza na kupasha damu moto hutumia maji yanayozunguka kutoka katika tangi. Maji hayo hayagusi damu hata tone, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeyaogopa. Mnamo mwaka 2013 na kuendelea, madaktari wa Uswisi waliona wagonjwa wenye ugonjwa wa ajabu katika milango ya bandia ya moyo, ugonjwa wa kijidudu kiitwacho Mycobacterium chimaera, cha ukoo mmoja na kile cha kifua kikuu. Wagonjwa hawa walikuwa wamepasuliwa miezi mingi au miaka kadhaa nyuma. Mwishowe iligunduliwa kwamba vijidudu vilikuwa vinakaa katika tangi la maji, feni ya kifaa ikavipeperusha hewani, vikatua katika kifua kilicho wazi. Mwaka 2015 na 2016 wakuu wa afya wa Ulaya na wa Marekani walitoa maonyo. Watunzaji wa matangi hayo ni nani? Ni waendeshaji wa mtambo. Iliwabidi wajifunze upya namna ya kusafisha, mahali pa kukiweka kifaa, na upande wa kuelekezea feni. Hakuna chuo kilichokuwa kimewafundisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akijua.

Ndiyo sababu cheti cha kazi hii si cha milele. Huko Marekani iko bodi iliyoanzishwa mwaka 1975, American Board of Cardiovascular Perfusion, itoayo cheti baada ya chuo na mitihani. Mwenye cheti hutakiwa kuendesha mtambo au kufanya kazi zinazolingana nayo mara zisizopungua 40 kila mwaka, na katika kila miaka 3 akusanye alama 45 za masomo. Asipofanya hivyo hupoteza cheti. Ulaya nayo ina bodi yake, na namna yake ya kuwakagua watu.

Zamani alama hizo zilipatikana zaidi katika mikutano: mtu hupanda ndege, hulala hotelini, husikiliza mihadhara siku tatu, kisha hurudi nyumbani. Masomo ya intaneti yalikwisha kuanza, lakini wengi waliyaona kama uji wa jana. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa Korona, mikutano ikafungwa, na wakati ule ule hospitali zikawahitaji watu hawa kuliko kabla, kwa sababu wagonjwa wengine ambao mapafu yao yalishindwa kabisa waliwekwa kwenye mtambo wa jamaa moja na huu, ambao huweza kumshikilia mtu kwa majuma. Basi masomo yote yakahamia katika kompyuta, na mikutano ilipofunguliwa tena, mengi yalibaki huko.

Somo lenyewe huwa hivi. Mtaalamu hueleza jambo kwa muda wa saa moja hivi na kuonyesha picha na michoro. Wakati mwingine huletwa habari ya mgonjwa, bila jina lake: umri, uzito, hemoglobini, na kilichotokea dakika ya 40. Hapo msikilizaji huulizwa, wewe ungalifanya nini? Mwishoni pana maswali, na asiyeyajibu vya kutosha hapati alama. Kwa mambo kama ile hesabu ya oksijeni, mimi naona njia hii yapita hata mkutano. Mtu aweza kuusimamisha mhadhara, akakokotoa kwa kalamu yake, akaurudisha nyuma mara tatu. Katika ukumbi wa watu mia tano nani atainua mkono kusema hakuelewa?

Lakini si kila jambo lapita katika kioo. Turudi kwenye hewa. Siku hizi mtambo una kengele inayolia damu ikipungua chomboni, na kifaa cha kuona mapovu, na ajali ya hewa nyingi imekuwa nadra sana; mtu aweza kufanya kazi miaka mingi asiione. Ndipo ilipo hatari yenyewe, maana ikija hakuna wakati wa kutafuta daftari. Yampasa asimamishe pampu papo hapo, abane mirija, mgonjwa ainamishwe kichwa chini, hewa itolewe katika mirija, na pengine damu isukumwe kinyume, kwa njia ya mshipa wa vena wa juu, ili hewa irudi nyuma kutoka katika ubongo. Vivyo hivyo umeme ukikatika na betri ikashindwa, iko mikono ya chuma ya kuzungushia pampu, na ni lazima izungushwe kwa upande wake na kwa mwendo wake. Pafu la bandia likiziba, sharti lifunguliwe na jingine lifungwe kwa dakika chache tu, wakati ubongo unasubiri. Mambo haya kichwa huyajua kwa kusikia, lakini vidole havijui mpaka vifanye. Tazama kuogelea: soma vitabu vyote vya kuogelea, kisha uingie Nyanza uone.

Kwa hiyo watu wenye busara katika kazi hii hawachagui moja. Nadharia huichukua katika intaneti, na mikono huizoeza palepale hospitalini, kwa mtambo uliojazwa maji badala ya damu, mwenzao mmoja akizima umeme bila kuwaambia. Na bodi ya Marekani nayo imeyagawa masomo katika mafungu, hata mtu asiweze kumaliza alama zake zote kwa kujisomea peke yake chumbani.

Mtu atauliza, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katika nchi zetu vijana wengi wanaohitaji kupasuliwa moyo hawakuzaliwa na ugonjwa. Waliumwa koo utotoni kwa kijidudu cha streptokoka, hawakupata penisilini, na mwili katika kupigana na kijidudu ukaidhuru milango ya moyo. Wengi wao ni wa rika letu. Hapa Kampala iko Uganda Heart Institute, Mulago, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kote kuwili mioyo hufunguliwa kwa mtambo huu. Lakini waendeshaji wake ni wachache mno wakilinganishwa na wale wa Marekani, ambako miji mikubwa ina hospitali kadha zenye kazi hii, na mwenye shaka humpigia simu jirani. Mwendeshaji wa kwetu jirani yake yuko nchi nyingine. Kwake yeye mhadhara wa intaneti si njia ya kukwepa nauli, bali pengine ndiyo njia ya upesi ya kupata onyo kama lile la tangi la maji kabla halijamdhuru mtu.

Wale wakubwa wetu waliotoka shule hii wakaingia kazi za hospitali wajua vizuri kuliko mimi taabu zilizomo. Mtandao hukatika katikati ya swali. Ada nyingine zimepangwa kwa mishahara ya Marekani. Na tena kuna saa: mhadhara ukianza Philadelphia saa 1 jioni wakati wa majira yao ya baridi, Kampala ni saa 9 usiku, na mtu huyo huyo yampasa awe mbele ya mtambo asubuhi, macho makavu. Ile mihadhara iliyorekodiwa humpa nafasi ya kusikiliza mchana, ila hawezi kumwuliza mwalimu neno. Vyuo vingine huruhusu maswali yaandikwe na kujibiwa baadaye, nami naona hiyo yafaa zaidi kwa watu wa huku, mradi jibu lije kabla ya mgonjwa mwingine hajalazwa.